Orodha za miji bora duniani nimezipitia, sasa mkazi mwenyewe kaulizwa na nani?

Kila ikifika katikati ya mwaka watu wanaanza kurushiana ile orodha ya miji bora ya kuishi duniani, wengine wanashangilia utadhani wao ndo wameujenga huo mji, wengine wanatukana kwa sababu wa kwao umewekwa mkiani, wiki ikiisha kimya mpaka mwaka mwingine. Mi nikasema ngoja nizipitie hizi huduma zenyewe, siyo miji, hizi huduma zinazotoa alama, niziwekee nyota na zenyewe zionje. Kigezo changu ni kimoja na sikifichi: yule anayesubiri basi, anayepanga foleni hospitali, anayerudi kwake usiku kwa miguu, kaulizwa au hajaulizwa? Mengine yote baadaye.

Naanza na mkubwa wao, Economist Intelligence Unit, kitengo cha utafiti cha wale wa gazeti la The Economist la Uingereza, wengi wanaiita EIU tu. Hawa wanapima miji 173, wanaangalia mambo zaidi ya 30 waliyoyagawa mafungu matano. Utulivu na usalama una uzito wa asilimia 25, utamaduni na mazingira 25, afya 20, miundombinu 20, elimu 10. Wanajumlisha, mji unapata alama zake kwenye 100, wanapanga mstari. Vienna ya Austria iliongoza 2022, 2023 na 2024, halafu 2025 Copenhagen ikaipiku, na zamani kidogo Melbourne ilikaa pale juu miaka saba mfululizo, 2011 mpaka 2017, mpaka ikawa siyo habari tena. Kama kazi ya mezani ni kazi safi, sikatai, imepangika, inarudiwa, ukitaka kulinganisha mwaka huu na mwaka ule unaweza.

Sasa soma mpaka chini kabisa uone kwa nini ilitengenezwa. Ni kwa ajili ya makampuni yanayohamisha wafanyakazi kwenda nchi za nje, yajue yawaongezee posho ya mazingira magumu kiasi gani! Na mizani yenyewe wameiweka wazi: mji ukipata 80 kwenda juu hakuna posho, 70 mpaka 80 mfanyakazi anaongezewa asilimia 5, 60 mpaka 70 asilimia 10, 50 mpaka 60 asilimia 15, ukishuka chini ya hapo asilimia 20. Yani ile namba mnayogombania ni hesabu ya mshahara wa mgeni ambaye hajafika bado. Mkazi aliyezaliwa pale, anayelipa kodi ya nyumba kwa hela ya pale pale, hayumo kwenye hiyo hesabu na wala hawakuwahi kusema yumo, ni sisi ndo tumeichukua karatasi ya afisa rasilimali watu tukaigeuza cheti cha maisha mazuri.

Na ndo maana gharama za maisha hazimo. Umesikia vizuri, hazimo! Mji unaweza kuwa na kodi inayokula nusu ya mshahara wa mtu na bado ukapanda, kwa sababu gharama wanazipima kwenye orodha nyingine tofauti kabisa. Ukimuuliza mkazi yeyote wa mji wowote maisha yakoje, sentensi ya kwanza itahusu hela, ya pili itahusu hela, ya tatu labda ndo atakwambia habari ya bustani na makumbusho.

Halafu nani anatoa hizo alama? Baadhi ya vitu ni takwimu za kutoka nje, sawa, ila vingine vinatokana na hukumu ya wachambuzi wao pamoja na watu wao walioko kwenye miji husika. Sasa kuna kisa cha 2011 ambacho mi huwa nacheka kila nikikikumbuka. Vancouver ya Kanada ilikuwa imeshika namba moja kwa muda mrefu, ikashushwa kidogo na Melbourne ikapanda, sababu mojawapo iliyotajwa ni barabara kuu ya Malahat kufungwa fungwa. Tatizo ni kwamba Malahat haipo Vancouver! Ipo kisiwani, Kisiwa cha Vancouver, ili uende kule ukitokea mjini unapanda feri unavuka bahari. Mkazi wa kule angeulizwa hata kwa ujumbe mfupi wa simu angejibu barabara gani hiyo mnayoisema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa jamaa hapa walihesabu kunguni wa kitanda cha jirani.

Au chukua 2021. Auckland ikaruka mpaka namba moja kwa sababu New Zealand ilikuwa imefunga mipaka mapema wakati wa korona na ndani watu wanaishi kawaida, shule zinafunguliwa, michezo inachezwa, wakati miji ya Ulaya mingi imejifungia ndani. Vienna ikaporomoka nje ya kumi bora. Mwaka uliofuata Vienna hiyo juu tena kama hakijatokea kitu. Je, mabomba ya maji ya Vienna yalikatika 2021 yakaunganishwa 2022? Hapana. Mji wenyewe ni ule ule, na tuwe wakweli ni mji umejengwa kwa akili, karibu nusu ya watu wake wanaishi kwenye nyumba za manispaa au zilizopewa ruzuku, sera iliyoanza miaka ya 1920, na maji ya milimani wanaletewa kwa bomba tangu 1873. Vitu hivyo ndo vinamfanya mtu alale usingizi, na vinachukua miaka mia kuvijenga, siyo vya kupanda na kushuka kila mwezi wa sita.

EIU nawapa nyota mbili na nusu. Mbili kwa nidhamu ya kazi, nusu kwa sababu angalau mizani yao wameianika.

Mercer, kampuni ya ushauri, ni ndugu yake yule yule, biashara ile ile ya kuuzia makampuni, ila wenyewe wanaichukua New York kama 100 halafu miji mingine yote inapimwa kwa kulinganishwa nayo. Vienna ilikaa namba moja kwao miaka kumi mfululizo mpaka 2019. Sina mengi, nyota mbili, tuendelee.

Huyu anayefuata ananichanganya. Numbeo, ilianzishwa 2009 na Mladen Adamović, jamaa aliyewahi kufanya kazi Google, ni tovuti inayojazwa na watu wa kawaida, wewe unaingia unaandika mkate bei gani, kodi ya vyumba vitatu ni kiasi gani, usiku unaogopa kutembea au huogopi. Kwa kigezo changu ningepaswa kuipenda maana hapa mkazi ndo anasema mwenyewe. Na kwa miji mikubwa kweli inasaidia, ukitaka kuhama uangalie kwanza kodi za kule zikoje unapata picha, siyo picha kamili ila picha. Ila jamani, anayejaza ni nani? Ni mwenye intaneti, mwenye muda, mara nyingi mwenye mpango wa kuhama au mwenye hasira zake, na hakuna anayegonga mlango kuhakikisha kwamba kweli unaishi pale. Mji wenye watu milioni kadhaa unaweza kukuta maoni yake yametoka kwa watu ambao wangeenea kwenye basi dogo, na hao hao wote wanakaa mitaa inayofanana. Huwa nawaambia watu, ukifungua ukurasa wa mji wowote pale, cha kwanza angalia wamechangia wangapi na lini, bei baadaye. Nyota tatu, na ya tatu naitoa nikisitasita.

Kabla sijasahau, kuna hawa InterNations nao, mtandao wa watu wanaoishi ugenini, wanauliza wahamiaji, watu waliohamia mji kutoka nchi nyingine. Mwaka 2022 huo huo ambao Vienna ilikuwa namba moja ya EIU, wahamiaji wakaiweka mkiani kabisa kwenye suala la wenyeji kuwa wakarimu! Mji mmoja, mwaka mmoja, juu kabisa na chini kabisa. Wala hakuna aliyedanganya hapo, mmoja kaulizwa treni zinafika kwa wakati, mwingine kaulizwa nani alimsalimia kwenye ngazi. Ukijua swali lililoulizwa jibu halikushangazi tena.

Sasa tuje kwenye waliojitahidi.

Tume ya Ulaya ina utafiti wake wa hali ya maisha mijini, wanaurudia kila baada ya miaka kadhaa, wa 2023 uligusa miji 83 na waliohojiwa walikuwa kama elfu 70, mamia ya watu kila mji, wamechaguliwa kwa sampuli siyo kwa kujileta. Wanauliza maswali ya mtu anayeishi: umeridhika kuishi hapa? Unajisikia salama ukitembea peke yako usiku mjini kwako? Unawaamini watu wa mji wako? Usafiri wa umma, shule, hospitali, kelele, usafi, hewa, vipi? Na lile swali ninalolipenda kuliko yote, ni rahisi kupata nyumba nzuri kwa bei ya kueleweka?

Hapo ndo utamu unapoanza. Zurich watu karibu wote wanakwambia wameridhika kuishi pale, usafiri wao ni wa kupigiwa mfano, halafu ukifika swali la nyumba wale wale wanakunja uso, ni wachache sana wanaosema kupata nyumba ni rahisi, na Geneva na Munich hali ni hiyo hiyo. Orodha ya mezani haiwezi kukuonyesha kitu hiki kwa sababu yenyewe inajumlisha, na ukijumlisha furaha ya treni na kilio cha kodi unapata namba moja ya katikati isiyofanana na mtu yeyote. Mkazi hajumlishi. Mkazi anaupenda mji wake na anaulalamikia kwenye pumzi moja, mwambie mgeni aje aukosoe mbele yake uone atakavyogeuka wakili.

Jambo lingine lililojitokeza kwenye tafiti zao ni kwamba miji midogo mara nyingi watu wake wanaridhika zaidi kuliko majiji makubwa. Haishangazi sana kwangu, mji mdogo ofisi ya halmashauri unaifikia kwa miguu na yule karani unamjua ni mtoto wa nani, jiji kubwa unajaza fomu unapewa namba, ile namba ndo inakuwa jina lako.

Ila nao wana shimo lao na siyo wao peke yao, ni tafiti zote za kuridhika. Mtu anapima huduma kwa kile alichokizoea. Mwenye maji kila siku yakikatika saa tatu atakupa alama mbovu kwa hasira zote, aliyezoea maji mara mbili kwa wiki akiyapata mara tatu anakwambia huduma imeboreka sana tunashukuru. Wote wanasema ukweli. Kwa hiyo ukiweka asilimia za miji miwili pembeni kwa pembeni unalinganisha matarajio, siyo mabomba. Ndo maana mi naona namba hizi zina maana kubwa zaidi ukilinganisha mji na wenyewe, mwaka ule na mwaka huu, kuliko kuuweka na mwenzake. Na kuna mwingine anayesahaulika, yule aliyeshindwa na kodi akahama, yeye hayumo kwenye sampuli, waliobaki ndo wanaoulizwa kama wanapenda kubaki! Nyota nne kasoro kidogo.

Kama ningekuwa na nyota tano za kutoa ningewapa watu wa Bengaluru, India, wakati ule ukiitwa Bangalore. Mwaka 1993 kuingia 1994 Samuel Paul na wenzake, ambao kazi hiyo ndo ikazaa asasi ya Public Affairs Centre, walifanya kitu rahisi mpaka unajiuliza mbona hakuna aliyekifanya kabla. Walichukua huduma za mji moja moja, maji, umeme, simu, manispaa, hospitali, wakawauliza wakazi, wa kipato cha kati na wa mitaa ya mabanda kila kundi kivyake, umeridhika? Ulipokuwa na tatizo ulikwenda mara ngapi? Lilitatuliwa? Yule mtumishi alikujibu vipi? Ulitoa kitu kidogo ili shughuli iende? Halafu majibu wakayapanga kama ripoti ya mwanafunzi, kila taasisi na alama zake, magazeti yakachapisha. Alama zilikuwa aibu tupu. Mamlaka ya uendelezaji wa jiji, wale wanaogawa viwanja, waliburuza mkia vibaya sana.

Ninachowapendea ni kwamba hawakuishia hapo. Wakarudia 1999, mabadiliko yakawa kidogo tu, mtu mwingine angekata tamaa akaandika ripoti yake akapumzika. Kipindi hicho hicho serikali ya jimbo ikaunda kikosi kazi cha mji kikiwa na watu wa nje ya serikali pia, taasisi zikaanza kuitwa mbele ya umma kueleza zimefanya nini. Wakarudia tena 2003, safari hii kuridhika kukapanda waziwazi. Siwezi kukwambia karatasi peke yake ndo ilifanya yote hayo, mambo mengi yalibadilika Bangalore miaka ile, pesa ya kompyuta ilikuwa inaingia. Lakini angalia tofauti: hapa anayesoma alama siyo kampuni inayotaka kujua posho, ni yule mkuu wa idara ya maji mwenyewe anaamka anakuta gazetini wateja wake wamempa sifuri, na anajua watarudi kuuliza tena.

Kingine, swali la ulikwenda mara ngapi ni dawa. Mtu anaweza kukudanganya kuhusu kuridhika kwa heshima au kwa uoga, hasa akidhani wewe umetumwa na serikali, ila akishaanza kuhesabu safari zake za kufuatilia bili iliyokosewa hapo hana sababu ya kukuficha, tena atakuongezea na jina la dirisha alilotumwa.

Zimebaki huduma za malalamiko ya papo kwa papo, na hizi nazitaja kwa sababu nazo ni kura, kila anayelalamika amepiga kura. Marekani wana namba ya simu 311, Baltimore walianza nayo 1996 ili watu waache kupiga simu ya dharura ya polisi kwa ajili ya vitu vidogo, New York wakaizindua ya kwao 2003. Unapiga unasema taka hazijazolewa, taa ya barabarani imekufa, jirani anapiga muziki saa nane usiku. New York malalamiko yao wanayaweka wazi kila mtu ayaone, na malalamiko ya kelele huwa miongoni mwa yanayoongoza. Wazo zuri. Tatizo ni lile la Numbeo likiwa limevaa nguo nyingine, mtaa unaolalamika sana siyo lazima uwe ndo wenye shida zaidi, unaweza kuwa ndo wenye imani kwamba simu itapokelewa. Kuna mitaa watu walishaacha kupiga. Kwenye jedwali mtaa wa namna hiyo unaonekana umetulia kabisa, hauna shida, bajeti inapita juu kwa juu inakwenda kwa wapigaji.

Boston walikutana na hili kwa njia ya kuchekesha kidogo, walitengeneza programu ya simu ikiitwa Street Bump, unaendesha gari simu inahisi mtikisiko yenyewe inaripoti shimo, huna hata haja ya kubonyeza. Safi, si ndiyo? Ila ikaonekana mashimo yangeelekea kuonekana kule kwenye watu wengi wenye simu za kisasa na magari, mitaa ya wazee na ya wasio na hela barabara zao zingeonekana laini kama kioo. Wenyewe waliliona hilo ikabidi wafikirie namna ya kuziba pengo.

Kwa upande wa matumizi niliyoipenda kuliko zote ni FixMyStreet ya Uingereza, ya asasi inaitwa mySociety, ipo tangu 2007. Huna haja ya kujua barabara ni ya halmashauri gani au idara gani, unaweka alama kwenye ramani, unaandika shimo lipo hapa, picha ukitaka, yenyewe inatafuta mhusika inampelekea. Ripoti inabaki hadharani, jirani akija anaiona haandiki upya, na diwani akipita naye anaiona. Programu yenyewe wameiachia wazi kwa hiyo watu wa nchi nyingine wameichukua wakaiweka kwa lugha zao. Lakini hayo yote ni mapambo ukilinganisha na kitu kimoja: baada ya wiki nne inakuandikia wewe uliyeripoti, inakuuliza, limetengenezwa?

Swali hilo anaulizwa mkazi, siyo mhandisi, siyo msemaji wa halmashauri. Kwenye makaratasi ya ofisi shimo linaweza kuwa limefungwa siku ile ile alipotumwa fundi, kwenye ramani hii hata aliyekanyaga ana nafasi ya kusema limezibwa au bado. Nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeibakiza kwa sababu asiye na intaneti bado hayumo, na kama shimo halijazibwa huduma haina ubavu wa kumlazimisha mtu, inachoweza ni kuliacha pale kwenye ramani kila mtu aendelee kuliona na tarehe yake.